Maziwa Yaliyobaki

Mtoto aliondoka Jumapili, na Jumatatu asubuhi mbuzi walitaka kukamuliwa kama kawaida. Wao hawakuwa na habari. Kelele, yule mwekundu, alianza kulia kabla jirani hajafungua dirisha, na Bibi Harusi, mweupe, alisimama mlangoni mwa banda kiwele kimejaa, ametulia kama mteja anayesubiri duka lifunguliwe. Mama Pasi alichukua ndoo, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa mbuzi, akakamua. Alipofika jikoni aliiweka ndoo mezani, akaitazama. Hapo ndipo ilipomjia akilini kwamba hakuna wa kuyanywa maziwa yale.

Jina alilipata kazini. Hakuwahi kuzaa. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu lenye alama za kuungua, kamba za kutundikia nguo, na pasi zake: moja ya umeme, na ile nzito ya mkaa iliyofanya kazi umeme ukikatika, yaani mara nyingi. Alinyoosha sare za wauguzi, mashati ya makarani, makoti meupe ya mpishi wa hoteli. Watu walisema shati likipita mikononi mwa Mama Pasi linaweza kwenda kazini peke yake, mwenyewe akabaki kitandani.

Mtoto alikuwa wa mdogo wake, dereva wa lori. Mke wa dereva alipojifungua tu, mgongo ukamwangusha. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa, akalazwa, akafungwa mkanda mgumu kuanzia kwapani hadi kiunoni, na daktari akamkataza kubeba kitu chochote kizito kuliko birika la chai. Mtoto, hata awe mchanga vipi, ni mzito kuliko birika. Baba yake alikuwa mtu wa barabarani, leo hapa, kesho mpakani. Basi mtoto akaletwa kwa shangazi yake amefungwa shuka la hospitali, wakasema ni kwa muda. Ule muda ukaota meno, ukatambaa, ukatembea.

Tangu aweze kukaa, kazi yake ilikuwa kukaa chini katikati ya chumba na kuwanyooshea wengine kidole wafanye. Wakamwita Meneja. Alipoachishwa maziwa ya kopo akapewa ya ng'ombe, akatapika na kutoka vipele mwili mzima. Ya mbuzi yalikaa. Mama Pasi akanunua Kelele, kisha Bibi Harusi, ili mmoja akikauka mwingine awe anakamuliwa. Ulikuwa mpango mzuri mpaka beberu wa fundi baiskeli, jirani yao, aliporuka ukuta na kuuvuruga. Mwaka huo wote wawili walizaa mwezi mmoja. Watoto wao walipoachishwa na kupelekwa shamba kwa watu, maziwa yakafurika, na katika mafuriko hayo hayo wifi yake akapona. Alikuja Jumapili akitembea wima, pamoja na mumewe, katika gari la kuazima, kumchukua mwanawe.

Meneja alidhani ni matembezi. Alipanda gari akapunga mikono yote miwili. Mama Pasi naye akapunga. Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake miguuni, akisubiri usingizi ambao alikuwa akiudai tangu mtoto afike. Usingizi haukuja.

Mwanzoni aliyapeleka maziwa. Aliyachemsha, akayapoza, akayatia kwenye ile chupa ya plastiki yenye kifuniko cha buluu, akampa kondakta wa basi linalopita mtaa wa mdogo wake. Mchana mmoja simu ikalia akiwa katikati ya shati.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Yamefika?"

"Yamefika. Wifi, naomba usikasirike."

"Yameharibika?"

"Hapana, ni mazuri. Ni ile chupa. Akiiona anajua imetoka wapi. Anaichukua, anakwenda nayo mlangoni, anakaa. Hanywi. Analia mpaka anapaliwa. Na daktari amesema ameshakuwa mkubwa, sasa anakula kila kitu, si lazima tena."

Mama Pasi alisikia redio upande wa pili, na nyuma ya redio sauti ndogo ikilalamika.

"Sawa, wifi," alisema.

"Si kwamba mimi..."

"Nimesema sawa."

Siku hiyo kola ya shati la karani mmoja iliungua, na Mama Pasi, ambaye hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, alilitazama lile doa la kahawia kama linamhusu mwingine.

Akawapa majirani. Mara ya kwanza walishukuru, baadaye walipokea tu, na mwishowe wakimwona anakuja na jagi walikumbuka ghafla kwamba wana kitu motoni. Hata paka wa mke wa fundi baiskeli alianza kuyanusa na kwenda zake. Friji ikajaa masufuria yaliyofunikwa sahani. Kumwaga hakuweza. Alikulia katika nyumba ambayo mtoto akimwaga maziwa aliadhibiwa kama aliyevunja dirisha, na mkono wake, kila alipousogeza kwenye karo la kuoshea vyombo, ulirudi wenyewe.

"Wakaushe," fundi baiskeli alimwambia juu ya ukuta, mikono imejaa grisi. "Kwa nini ujitese?"

"Kiwele kitavimba."

"Hukati ghafla. Leo unapunguza kidogo, kesho kidogo, na chakula unapunguza. Hata mtoto huachishwa hivyo hivyo."

Alipogundua amesema nini akainama kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika. Mama Pasi akasema ana nguo za watu zinamsubiri.

Mpishi wa hoteli ndiye aliyeleta habari za jibini. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kukaa kwenye kiti cha wateja akisubiri makoti yake huku akilalamikia miguu. Alimkuta Mama Pasi amesimama, pasi mkononi, macho ameyafumba.

"Mama, utajichoma."

"Nimepumzisha macho tu."

Mama Pasi akamweleza habari ya maziwa, kwa sababu mpishi alimuuliza, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amechoka kusema hakuna neno.

"Tengeneza jibini," mpishi alisema.

"Jibini si mpaka kiwanda?"

"Kiwanda ni sufuria kubwa tu. Chemsha maziwa, tia ndimu, yakikatika chuja kwa kitambaa, tia chumvi, kandamiza. Basi."

Hilo "basi" lilimponza. Jaribio la kwanza aliyachemsha maziwa kama ya chai, mpaka yakapanda, akakamulia ndimu zote alizokuwa nazo, akakoroga kwa nguvu. Alichopata kilikuwa kigumu kama kifutio cha shule na kikinuka beberu. Alimpa fundi baiskeli kipande. Fundi alitafuna kwa muda mrefu, akitazama mbali.

"Hii ukiwa nayo nyingi niletee," alisema mwishowe. "Nitaziba pancha."

Mpishi alicheka aliposimuliwa, kisha akamfundisha vizuri. Harufu ile ni beberu kukaa karibu, na maziwa kukaa na joto baada ya kukamuliwa. Beberu afungwe mbali, maziwa yapozwe papo hapo. Moto uwe mdogo. Vipovu vikianza kutokea pembeni mwa sufuria, ipua. Ndimu itiwe kidogo kidogo. "Na usikoroge kama una ugomvi nayo," alisema. "Ukishatia, yaache. Maziwa yanajua kazi yake."

Mara ya pili aliketi jikoni kusubiri vipovu, mgongo ukiegemea ukuta, akasinzia. Alizinduliwa na harufu. Maziwa yalikuwa yameganda kwenye tako la sufuria kama lami. Alisugua kwa majivu na waya, akasugua tena, mikono ile ile iliyoshinda ikisukuma pasi. Wala hakulia, kulia nako kunataka nguvu. Alipomaliza aliitundika sufuria, na kwenye banda Kelele akaanza, maana jioni ilikuwa imefika na kiwele kilikuwa kimejaa tena.

Mara ya tatu ilikubali. Alitia ndimu kwa kijiko, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani ili asishawishike kukoroga. Ule weupe ukasimama kidogo, kama unafikiri. Kisha ukaachana: mabonge laini juu, na chini yake maji ya rangi ya majani makavu. Kitambaa chake cha kuchujia kilikuwa nepi ya Meneja, ya pamba nyepesi, aliyoichemsha sana, hata fundi baiskeli mwenyewe asingepata la kutania. Akachuja, akatia chumvi, akafunga, akaweka sahani juu yake, na juu ya sahani akaweka pasi ya mkaa, tupu na baridi. Asubuhi alifungua akakuta kitu cheupe, cha mviringo, chenye mistari ya kitambaa ubavuni. Alikata ukingo akaonja. Ilikuwa laini, yenye uchachu wa mbali.

Ilikuwa nzuri, na hapo ndipo uchovu ulipozidi. Muuguzi mmoja alipewa kipande juu ya sare zake, kesho yake wakaja wawili. Mpishi alikula akiwa amesimama, akasahau kulalamikia miguu, akasema hoteli ingechukua yote kama angeweza kuleta kila siku. Kila mtu alimpongeza. Mama Pasi akawa anakamua, anapoza, ananyoosha, anachemsha, ananyoosha, anachuja, anakamua. Friji iliyokuwa imejaa maziwa sasa ilijaa jibini. Hakuwa ameondoa tatizo. Alikuwa amelikamua maji tu.

Mdogo wake alipita siku moja akitoka safari, lori ameliacha barabara kuu. Aliketi mezani pa jikoni, akala mkate na jibini bila kuuliza ni nini, kama wanavyokula madereva. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeendesha sana," Mama Pasi alisema.

"Barabarani napumzika, dada. Nyumbani ndiko nisikolala. Yule mtoto hataki kulala. Mama yake anambeba anazunguka naye chumba kizima, saa nzima, saa mbili. Akimweka chini, kilio. Juzi nimemkuta amejilaza sakafuni, hawezi kuinuka, mgongo. Ananiambia amedondosha kijiko, anakitafuta."

"Na wewe ukaamini?"

"Hakukuwa na kijiko." Alisukuma sahani. "Amenikataza nisikwambie."

"Sasa unaniambia ili nifanye nini?"

"Sijui, dada."

Mama Pasi alitaka kukasirika na akatafuta pa kuanzia, asipaone. Kwa wifi yake hakukuwa na kosa. Mtu amerudi kwa mwanawe. Kwa mdogo wake hakukuwa na kosa kubwa kuliko ujinga. Lakini moyoni mwake kulikuwa na kitu kidogo kilichofurahi kusikia mtoto anamlilia, na hicho ndicho kilichomfanya asiinuke siku ile, wala siku iliyofuata, akaenda kule.

Wifi ndiye aliyekuja. Ilikuwa mchana, sufuria iko motoni na Mama Pasi amesimama akiilinda. Geti likalia. Meneja alitangulia, ameshika kiatu kimoja mkononi na kingine kikiwa mguuni. Mama Pasi alifungua mikono. Mtoto akampita, akaenda moja kwa moja bandani, akamnyooshea Kelele kidole na kumwambia jambo la kikazi.

Wifi alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Alikuwa amekonda tena. Chini ya gauni lilionekana tena umbo la ule mkanda.

"Sikuja kumrudisha," alisema. "Nataka ujue kabla hujasema kitu."

"Sijasema kitu. Kaa, wifi."

"Nimekuja kukaa. Kule sikai kitako, nashinda nimembeba."

Alijishusha kwenye kiti kwa hatua, kama mtu anayeteremka kisimani. Kutoka uani sauti ya Meneja ikapanda: "Mgeni! Mgeni, njoo."

Mama Pasi alichungulia getini. "Mgeni gani tena?"

"Ni mimi," wifi alisema. "Ndivyo anavyoniita."

Ikamchukua Mama Pasi muda kidogo kuelewa. Halafu akajisikia mwenyewe, siku zote zile ambazo mgonjwa aliletwa kumwona mwanawe kwa nusu saa, akisema kwa sauti ya uchangamfu: Meneja, njoo usalimie, mgeni amekuja. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama watu wanavyosema.

"Ni mimi niliyemfundisha," alisema.

"Najua. Nilikuwa nakusikia."

Alisema bila chuki, kwa sauti ya mtu ambaye chuki ingemgharimu nguvu asizokuwa nazo. Vipovu vilikuwa vimeanza kutokea pembeni. Mama Pasi aliipua, akatia ndimu, kijiko kwa kijiko, na alipomaliza hakujua aifanyie nini mikono yake.

"Nishikie kitambaa," alisema. "Si kizito."

Wifi alikuja akashika pembe mbili, yeye akashika moja kwa mkono wa kushoto na kumimina kwa wa kulia. Mvuke uliwapiga usoni wote wawili. Maji yalishuka, mabonge yakabaki.

"Watu wananiambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi," wifi alisema huku akitazama yale maji. "Wananiambia ili kunifariji. Mimi uchungu niliusikia, kweli, karibu uniue. Lakini mtoto mwenyewe simjui. Sijui anapenda nini. Sijui akilia hivi ni njaa, akilia vile ni nini. Namshika tu nazunguka naye."

"Mimi huo uchungu sikuusikia kabisa," Mama Pasi alisema. "Nilisikia usingizi. Miaka miwili nasikia usingizi."

Wifi alicheka. Alijizuia haraka, kwa sababu ya mgongo, lakini alicheka, na kitambaa kikatikisika.

"Meneja halali akibebwa," Mama Pasi akasema. "Hajawahi. Ukimbeba anadhani mnakwenda mahali, anakaa macho asipitwe. Mkalishe chini, mpe kitu cha kushika, na wewe ufanye kazi mbele yake. Kazi yoyote. Kunja nguo. Atakusimamia mpaka achoke, atalala hapo hapo alipokaa. Ukishamwona kichwa kinaanguka mwekee mto."

Wifi alimtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Alifunga kitambaa fundo. "Na mimi nilikuwa nataka uniulize."

Meneja aliingia jikoni akinuka mbuzi, akaona kitambaa kimevimba, akanyoosha kidole. Wakamfungulia. Akachota bonge la moto, akapuliza kama alivyofundishwa na mtu mmoja au mwingine, akala. Akachota lingine akampelekea yule aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa mama yake. "Mgeni, kula," alisema, na Mgeni akala.

Mama Pasi alisema anakaa kidogo tu. Alipofumbua macho jua lilikuwa limehama ukuta. Jibini ilikuwa imekandamizwa chini ya sahani na pasi ya mkaa. Alishtuka, akafikiria mgongo wa yule mwanamke, kisha akaona alama kwenye vumbi la sakafu: pasi ilikuwa imeburutwa kutoka chumba cha mbele, ikapandishwa kigodani, ikapandishwa mezani, hatua kwa hatua, na mtu mzima mmoja na msimamizi wake. Mtoto alikuwa amelala juu ya rundo la taulo, mdomo wazi. Wifi alikuwa amekaa karibu naye akikunja sare za wauguzi, vibaya.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi, lakini zilikwenda. Wifi alikuwa akija mchana lori likiwa safarini, na kurudi kwake kabla giza halijaingia. Siku nyingine mtoto alikubali kuondoka, siku nyingine alilala chini getini akawa kama gunia, na ikabidi kondakta ambembeleze. Kule kwao alianza kulala, si kila usiku. Mgongo ulikwenda kuangaliwa, daktari akagomba, wakasikiliza. Mpishi aliambiwa amwambie mwenye hoteli anunue mbuzi wake mwenyewe. Alisikitika, lakini alimwangalia Mama Pasi usoni na hakubishana.

Bibi Harusi alikaushwa. Mama Pasi alifanya kama alivyoelekezwa, akipunguza leo, akipunguza kesho, na jioni ya kwanza ambayo hakumkamua kabisa alisimama na ndoo mkononi mbele ya banda, hajui aende wapi. Baadaye yule mbuzi akahamia kwa fundi baiskeli, kwa beberu wake, jambo ambalo kila mtu alisema lilikuwa limeshaamuliwa zamani na beberu mwenyewe. Akabaki Kelele, maziwa ya chai na jibini moja ndogo kila baada ya siku kadhaa. Mara nyingi aliyeitengeneza ni wifi, na chumvi ilikuwa ikizidi.

Alasiri moja Mama Pasi alizima pasi kazi ikiwa haijaisha. Alimwambia wifi yake kwamba anakwenda kunyoosha mgongo, akavua viatu, akajilaza chumbani na pazia limeshushwa. Kupitia ukutani alisikia ugomvi ukianza jikoni. Meneja alitaka kumimina ndimu mwenyewe. Mama yake alisema hapana. Meneja akasema ndiyo. Kitu kikaanguka, chuma, kikazunguka sakafuni, halafu kikaja kilio, kile kirefu, chenye jina lake ndani yake. "Mamapasi! Mamapasi!"

Miguu yake ilishuka kitandani yenyewe. Alikaa hivyo, nyayo sakafuni, akisikiliza. Alisikia sauti ya wifi, ya chini, haikupanda. Alisikia kiti kikivutwa. Akairudisha miguu kitandani, mmoja, kisha wa pili, akajifunika shuka mpaka begani. Kilio kiliendelea kwa muda. Hakujua kiliisha saa ngapi, maana alikuwa ameshalala.